Usonji hauna maabara: nini hasa hufanyika mtoto wa chekechea anapopelekwa "kupimwa"

Neno linalotuponza ni "kupima". Mtu akikwambia anampeleka mtoto kupimwa, picha inayokujia ni kidole kinachomwa, kikopo cha mkojo, dirisha la maabara, kisha karatasi ya majibu: ipo au haipo. Malaria ipo, haipo. Sukari imepanda, haijapanda. Basi mzazi anayeambiwa na mwalimu wa chekechea, "Mama, mngempeleka huyu mtoto akapimwe usonji," anatoka nyumbani na matarajio hayohayo, kabeba pesa ya vipimo na moyo uko mkononi.

Mimi nilitoka hivyo. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Hospitali binafsi ya kwanza tuliyofika, ambayo sina haja ya kuitaja, walimtoa damu, wakampa dawa ya usingizi, wakampiga picha ya CT ya kichwa, na jioni tukaambiwa majibu ni mazuri, mtoto hana shida. Tulimshukuru Mungu, tukapitia kununua kuku wa kusherehekea. Miezi saba ikapotea.

Majibu yalikuwa mazuri kweli. Ila hayakuwa majibu ya swali letu. Usonji, kwa Kiingereza autism, hauonekani kwenye damu, wala kwenye CT, wala kwenye MRI. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza na kuhusiana na watu, na kwa kuwasikiliza wanaoshinda naye kutwa. Mashine zina kazi yake, nitaifikia, lakini si hiyo.

Kingine kinachotuchanganya wazazi, na hata baadhi ya walimu na manesi, ni kwamba mambo matatu tofauti yanaitwa kwa jina hilo moja. Lipo la kuchuja, lipo la kutambua, na lipo la kumtafutia mtoto nafasi inayomfaa shuleni. Hufanywa na watu tofauti, katika majengo tofauti, na karatasi ya mmoja haifanyi kazi ya mwenzake.

Chekecheke

Kuchuja ni kazi ya chekecheke: unamimina wote, wachache wanaobaki juu ndio unaowaangalia kwa karibu. Fomu inayotumika sana duniani kwa kazi hii huitwa M-CHAT-R. Ina maswali 20 ya ndiyo au hapana, na anayejibu ni mzazi. Ukimwonyesha kitu upande wa pili wa chumba, anakitazama? Huwa anakuletea kitu ili ukione tu, bila kutaka umsaidie chochote? Ukimwita jina, anageuka? Kisha majibu yanayotia shaka huhesabiwa. Alama 0 hadi 2, uwezekano ni mdogo. Alama 3 hadi 7, mzazi anaulizwa upya kwa undani yale maswali yaliyotia shaka. Kuanzia 8, mtoto anapelekwa kwa wataalamu bila kuzungushwa.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni umri: fomu hiyo ilitengenezwa kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Wa miaka minne ameshaivuka, kwa hiyo mzazi anayeipakua mtandaoni usiku wa manane na kumjazia mtoto wa chekechea anapata namba isiyomwambia kitu. Wa pili ni kudhani kwamba kubaki juu ya chekecheke ndiyo kuwa na usonji. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliohusisha watoto zaidi ya 16,000, karibu nusu tu ya waliobaki baada ya hatua zote mbili za fomu ndio waliokutwa na usonji. Lakini karibu 95 kati ya 100 walikuwa na jambo fulani la ukuaji lililohitaji kuangaliwa. Yaani fomu haikukosea kupiga kengele. Ilikosea, pengine, jina la moto.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauriwa kumchuja kila mtoto akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24. Kwetu kliniki ya mtoto mara nyingi ni mizani, chanjo, nukta kwenye kadi, anayefuata. Ndiyo maana chekecheke yetu halisi ni mwalimu wa chekechea. Ana watoto thelathini mbele yake, wote wa umri mmoja, na ndani ya wiki mbili anajua ni yupi ambaye wenzake wakikimbilia uji yeye yuko dirishani anazungusha tairi la kigari. Mwalimu hatambui usonji, na wa kwetu hakujidai kuutambua. Alisema tu, "Mwanenu anacheza kando ya watoto, hachezi na watoto." Sentensi hiyo niliichukia mwezi mzima.

Kuchelewa kuongea si jambo moja na kutowasiliana

"Mwanangu, usijitese," mama mkwe aliniambia. "Baba yake naye alikaa kimya mpaka miaka minne. Leo hii nani anamnyamazisha?"

"Sawa mama. Lakini alikuwa akiitwa anaitika?"

Akafikiri. "Huyo? Ukitaja nyama tu, kashafika jikoni na kibakuli."

Bila kujua, bibi alikuwa ametoa maelezo mazuri kuliko mengi niliyowahi kuyasoma. Mtoto aliyechelewa kuongea tu huwa anajieleza kwa njia nyingine zote: anakuvuta huku anakutazama usoni, ananyoosha kidole, anatikisa kichwa, anaigiza, anakasirika usipoelewa na kujaribu tena. Maneno ndiyo hayajaja. Mazungumzo yameshaanza zamani. Mtoto mwenye usonji anaweza hata kuwa na maneno mengi, ila hayaendi kwa mtu. Mwanangu alikuwa anaweza kusema "Mbagala Mbagala Mbagala, twende na kiti!" kwa sauti ileile ya konda, mara arobaini mfululizo, na hawezi kusema "maji". Akitaka maji alikuwa anashika kifundo cha mkono wangu na kuupeleka kwenye jagi, kama mtu anayetumia upawa, bila kuniangalia.

Kunyoosha kidole kunastahili maneno zaidi, maana madaktari hulirudia swali hilo mpaka wazazi wanachoka. Mtoto ananyoosha kidole kwa sababu mbili. Moja ni kuomba: kile pale, nipe. Nyingine ni kushirikisha: ndege ile! Hataki ndege. Anataka uione, kisha anageuka kukuangalia usoni kama umeiona. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida anafanya yote mawili. Katika usonji ile ya pili ndiyo hukosekana au huja kwa shida, na mzazi anaweza kuapa kwamba mtoto wake "ananyoosha kidole vizuri tu" kwa sababu amewahi kumwona akiomba biskuti.

Jirani alishauri mtoto akatwe udata, ile ngozi ya chini ya ulimi. Udata unaweza kusumbua kunyonya na kutamka baadhi ya herufi, lakini haumzuii mtu kugeuka akiitwa wala kukuonyesha ndege. Mwingine akasema ni lugha kuchanganyika: nyumbani Kiswahili, kwa bibi Kichaga, shuleni Kiingereza. Watoto wa Afrika Mashariki wamekua na lugha tatu tangu enzi, na tafiti za watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya ziada inawarudisha nyuma. Kumnyima mtoto lugha ya bibi yake ni kumpunguzia mtu wa kuongea naye. Lile la kwamba simu na katuni ndizo chanzo ni gumu kidogo. Katuni hazileti usonji. Lakini saa nne kwa siku za katuni ni saa nne ambazo hakuna anayemjibu mtoto, kwa hiyo zizimeni, muone kinachobaki.

Kuna maswali ya fomu hizi ambayo kwetu yanahitaji akili kidogo. "Mtoto anakutazama machoni?" Katika nyumba nyingi mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. "Anajifanya anaongea na simu ya kuchezea, anamlisha mdoli?" Mdoli wenyewe yuko wapi? Mkisubiri mdoli mtakosea jibu. Jiulize kama anapika ugali wa mchanga kwenye kifuu na kukukaribisha, kama anasukuma ndala huku akilia honi ya lori, kama hubeba gunzi mgongoni kwa kanga. Huko ndiko kujifanya kwa watoto wetu. Na macho usiyahesabu kwa wageni. Angalia anavyomtazama mdogo wake wakicheka pamoja, au dada wa kazi anapomficha pipi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri fomu yoyote. Mtoto asiyeitikia jina lake akikaribia mwaka, asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe akiwa na miaka miwili, au, katika umri wowote, mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea. Hilo la mwisho likitokea, nenda wiki hiyohiyo.

Kwanza masikio

Mtaalamu yeyote makini atakurudisha kwenye masikio kabla hajataja usonji. Sisi tulikataa. Mtoto huyu anasikia ganda la pipi likifunguliwa chumba cha tatu, masikio ya nini tena? Tuliambiwa, kwa upole, kwamba mtu anaweza kusikia sauti za aina fulani na kukosa nyingine, na mazungumzo ya binadamu yana sauti nyembamba kama za "s" na "f" ambazo ndizo hupotea. Kipimo chenyewe ni chepesi: kifaa kidogo kinawekwa sikioni, kinatoa mlio, kinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio. Mtoto hahitaji kujibu chochote, hata akilala. Kikitia shaka kipo kingine kinachofuatilia mwitikio wa ubongo kwa sauti. Mtoto aliyetokwa usaha masikioni mara kwa mara asikose hatua hii kabisa.

Na hapa ndipo mashine nyingine zinapopata kazi. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho wazazi wengi hukiomba kana kwamba ndicho cha usonji, ni cha kifafa. Kina maana mtoto anapokuwa na vipindi vya kuganda na kukodoa macho, au kushtukashtuka, maana kifafa na usonji huandamana mara nyingi kuliko bahati nasibu. Historia ya malaria kali nayo inaulizwa kwa sababu ya msingi: tafiti za Kilifi, pwani ya Kenya, zimeonyesha kwamba malaria ya kupanda kichwani huwaacha baadhi ya watoto na matatizo ya lugha na kifafa. Kwa hiyo ukiulizwa kama mtoto alilia alipozaliwa, kama alipata manjano, kama aliwahi kupata degedege, usidhani wanajaza karatasi tu. Nenda na kadi ya kliniki. Kenya nenda na kile kijitabu cha Mama na Mtoto.

Ndani ya chumba

Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza ndizo zenye madaktari bingwa wa watoto na wa afya ya akili. Ili kufika huko, wengi huanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa wapate barua ya rufaa, hasa wanaotumia bima. Jambo moja dogo limewarudisha wazazi wengi mlangoni: kibao kinachosema Afya ya Akili. Nilimwona baba mmoja amembeba binti yake, akasoma kibao, akageuka, akarudi tena baada ya robo saa akiwa peke yake kuuliza kama kuna mlango mwingine. Usonji si wendawazimu. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mwanzo. Lakini madaktari waliosomea tabia na ukuaji wa watoto mara nyingi wamekaa nyuma ya kibao hicho, na mlango mwingine haupo.

Chumba chetu kilikuwa na mkeka, kikapu cha vitu vya kuchezea na watu wawili: daktari na mtaalamu wa tiba kazi, yule anayewasaidia watoto katika kula, kuvaa, kushika kalamu, kuvumilia kelele. Walimwacha mtoto kwanza. Akachukua kigari, akakilaza, akaanza kuzungusha tairi karibu kabisa na jicho. Daktari akaita jina lake. Kimya. Mara ya pili, kimya. Akaniambia niite mimi. Kimya. Kisha akatoa kichupa cha povu la sabuni, akapuliza, mapovu yakajaa chumba. Mwanangu aliinuka, akaruka, akapepesa mikono, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisahau. Daktari akafunga kichupa akatulia, kama mtu anayesubiri basi.

Alisubiri nini? Alisubiri mtoto aombe kwa njia yoyote. Kwa neno, kwa macho, kwa kidole, hata kwa kuguna huku akimtazama. Mwanangu alimshika mkono daktari, akauweka juu ya kifuniko, akausukuma. Uso wake haukupanda hata mara moja kuelekea uso wa daktari. Furaha yote ile, na mtu aliyeileta hakuonekana. Nilikuwa nimeangalia jambo hilo nyumbani kwa miaka miwili, siku hiyo ndipo nilipoliona.

Kilichokuwa kikitafutwa kimeandikwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, unaofuatwa sehemu nyingi, unataka mambo ya aina mbili yawepo pamoja. Upande wa kwanza ni mawasiliano na mahusiano, na mambo yote matatu lazima yawe na kasoro: kupokezana na mtu, iwe kwa maneno au hisia, lugha ya macho, uso na mikono, na kujenga urafiki au mchezo wa pamoja. Upande wa pili ni marudio na mapendeleo finyu, na hapa angalau mawili kati ya manne: kurudia mienendo au maneno, kushikilia utaratibu usibadilike, kuzama katika jambo moja kupita kiasi, na hisia zilizo kali mno au zilizofifia mno. Mwenye kuziba masikio blenda ikiwashwa, anayelia kwa sababu bodaboda imepita njia tofauti leo, anayekula chipsi lakini si zilizogusana na yai. Dalili ziwe zilianza utotoni, ziwe zinatatiza maisha ya kila siku, na pasiwe na maelezo mengine yanayozifaa zaidi. Mtoto mwenye upande mmoja tu huenda ana jambo jingine, na ndiyo maana jibu la "si usonji" halimaanishi "hana kitu".

Vipo vifaa vya kusaidia macho ya daktari. CARS hupima maeneo 15, kila moja kuanzia 1 hadi 4, na jumla ya 30 kwenda juu huelekeza kwenye usonji. ADOS ni mchezo uliopangwa hatua kwa hatua, wa kama dakika 40 hadi 60, na hutegemea kiwango cha lugha cha mtoto. Ni ghali, kinadai mafunzo maalumu, na wapo wazazi wanaouziwa jina hilo kama cheti cha ubora. Hakuna kifaa kinachotoa hukumu peke yake. Daktari mzoefu asiye nacho, mwenye muda wa saa mbili na masikio ya kusikiliza, ana thamani kuliko fomu ya bei mbaya iliyojazwa kwa haraka. Nikiambiwa nichague, nachagua muda.

Ninyi mnachoweza kuleta ni video. Mtoto katika chumba kigeni si yule wa nyumbani: wengine huganda, wengine hulia saa nzima. Rekodi kwa simu dakika mojamoja: akila, akiitwa jina, akicheza na watoto wa jirani, akipandwa na hasira, na akiwa na raha. Msiipange, msimwambie "sema hallo". Na kama inawezekana nendeni na dada wa kazi. Sisi tulimwacha nyumbani, na maswali mengi ya daktari tuliyajibu kwa kutazamana, mume na mke, kila mmoja akitumaini mwenzake anajua.

Mabinti wanahitaji jicho la ziada. Wavulana wanaotambuliwa ni wengi mara tatu hadi nne, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana na sisi: msichana aliyekaa kimya kona akipanga vizibo vya soda huitwa mpole.

Baada ya jina kutajwa

Ripoti huja na ngazi, 1 hadi 3. Si alama za mtihani, wala si kipimo cha akili. Zinaeleza mtoto anahitaji msaada kiasi gani sasa hivi, na "sasa hivi" ndilo neno lenyewe. Mtoto wa miaka mitatu aliye ngazi ya 3 anaweza kuwa ngazi nyingine akiwa na miaka saba. Hakikisha ripoti imeandikwa: wametumia nini, wameona nini, mtoto anaweza nini, wanapendekeza nini, lini arudi. Karatasi yenye mstari mmoja wa jina la tatizo na muhuri haikusaidii popote.

Nyumbani swali la kwanza huwa nani kaleta. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 wa kwanza, baadhi ya wataalamu waliofuata waliwatwisha lawama kina mama, eti hawana joto la mapenzi. Nadharia hiyo ilishakufa, ila kwetu imefufuka kwa majina mengine: mama alikiuka mwiko, ukoo una deni, kuna mtu kamtupia jicho. Dai la kwamba chanjo huleta usonji lilitokana na makala ya mwaka 1998 ya daktari mmoja wa Uingereza, iliyowahusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010 na mwenyewe akafutiwa usajili wa udaktari. Kurithi kuna nafasi kubwa katika usonji. Malezi hayamo.

Wauzaji nao watafika mapema kuliko miadi ya daktari. Dawa ya kuponya usonji haipo. Zipo dawa za kutuliza hasira kali au kutibu kifafa, za kuandikiwa na daktari, basi. Anayekuuzia dawa ya kusafisha madini mwilini, au matone ya klorini ya kunywa, anauza sumu. Mwombeeni mtoto kadiri ya imani yenu, lakini asifungwe, asichapwe, asinyimwe chakula kwa jina la kumtoa pepo.

Kisha shule, na hapa ndipo karatasi ya hospitali inapokoma. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanza mwaka 1984, na chuo cha elimu maalumu cha KISE kule Nairobi, tangu 1986. Huko mtoto hutazamwa kwa swali jingine: asome wapi, kwa msaada gani? Kwa kadi ya ulemavu ya NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, tathmini hufanywa na jopo la hospitali ya serikali. Ni karatasi ya tatu, si marudio ya zile mbili. Tanzania mlango wa kugonga ni wa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, ambaye anajua ni shule zipi za msingi zenye kitengo cha elimu maalumu na ni wapi kuna mwalimu aliyeisomea, mathalani aliyepita chuo cha Patandi, Arusha. Nenda kwake mwaka mmoja kabla, si Januari shule zikifunguliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya kusoma. Mwalimu mkuu akisema "hapa hatuna uwezo naye", omba aiandike hiyo kauli. Wengi hupata uwezo hapohapo.

Foleni ya haya yote inaweza kuchukua miezi, na miaka mitatu hadi mitano ndiyo ambayo ubongo wa mtoto unashika mambo kwa wepesi. Kwa hiyo msikae kungoja jina. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua, vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, na hayadai utambuzi wowote kabla ya kuanza. Msingi wake unaweza kuuanza leo sebuleni. Kaa chini, usawa wa macho yake. Fuata anachokifanya badala ya kumlazimisha chako: akizungusha tairi, nawe zungusha lako. Punguza maneno: badala ya "njoo mwanangu unywe maji usije ukaumwa", sema "maji", mpe nafasi, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Kifuniko cha jagi kifunge vizuri ili akuhitaji. Sisi tulikaa na kifuniko hicho wiki tisa kabla hajainua macho kunitazama huku ameshika mkono wangu. Neno lilichukua muda zaidi. Lilikuwa "ji", na sikumsahihisha.

Tathmini hurudiwa, na ya kabla ya darasa la kwanza ndiyo nzito, maana ndiyo itakayokwenda naye shuleni. Beba ripoti ya kwanza, kadi, na video mpya. Zile za zamani msizifute hata simu ikijaa. Daktari wetu aliweka mbili pembeni kwa pembeni, ya miaka mitatu na ya mitano, akazitazama bila sauti, macho tu na mikono, akaanza kuandika.